Kufunga na kufungua naitrojeni

Kiswahili kina herufi mbili zenye kazi kubwa: -ua. Ziba, zibua, panga, pangua. Nilizikumbuka nikitafuta jina la kile kinachoitoa nitrati ndani ya tangi la matumbawe. Wataalamu husema denitrifikesheni, neno la kutafuna kama pweza asiyepigwa.

Uchafu wa samaki hutoa amonia, amonia huwa nitriti, kisha nitrati. Hatua hizo mbili za mwisho zinataka oksijeni. Chini kwenye mchanga, isikofika, bakteria wengine hupumua kwa kuipora nitrati oksijeni yake, atomu moja baada ya nyingine, mpaka inabaki gesi ya naitrojeni, ile ile iliyo asilimia 78 ya hewa, nayo inaponyoka. Ndiyo maana mwanabiolojia wa bahari Jean Jaubert, kule Monaco, aliulaza mchanga wa tangi juu ya nafasi ya maji yaliyotulia. Bakteria hao wanataka na kaboni. Kuna wafugaji wanaowatilia matone ya siki, wengine vodka (nao hulewa au la, sijui). Nitrati ikiwaishia, bakteria wengine hushika zamu na kutumia salfeti, na mchanga mweusi unanuka mayai viza.

Sasa, katika kilimo tunasema bakteria wa mizizi ya kunde “hufunga” naitrojeni. Basi hawa wa tangini waifungue: ufunguaji wa naitrojeni. “Uondoaji wa nitrati” nimeukataa. Hata ukibadilisha maji kwa ndoo umeiondoa, na bakteria hawana habari.