Shilingi Sita za Samuel Johnson: Barua ya 1776 na Nafasi ya Msambazaji katika Historia ya Fasihi

Ikisiri

Historia ya fasihi humtaja mwandishi, mchapishaji na msomaji, lakini aghalabu humsahau msambazaji. Makala hii inachunguza barua ya kibiashara ambayo Samuel Johnson aliiandika tarehe 12 Machi 1776 kuhusu uuzaji wa vitabu vya matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford. Hoja kuu ni kwamba barua hiyo inaeleza misingi ya kiuchumi ya uandishi kwa ukamilifu kuliko barua yake mashuhuri zaidi ya 1755.

1.0 Utangulizi

Mnamo Februari 1755, wiki chache kabla ya kamusi yake ya Kiingereza kutoka, Johnson alimwandikia Lord Chesterfield kukataa ufadhili uliomfikia wakati kazi ilikuwa imekwisha kukamilika. Wahakiki wengi wameichukulia barua hiyo kuwa alama ya kufikia kikomo kwa zama za mwandishi kumtegemea mkwasi. Hata hivyo, kumkana mfadhili si kujibu swali la nani atamlisha mwandishi baada yake. Jibu limo katika barua nyingine, isiyo na ghadhabu, iliyojaa hesabu za shilingi na peni.

2.0 Barua na Hesabu Yake

Barua ya 1776 ilipelekwa kwa Nathan Wetherell, mkuu wa University College, Oxford. Vitabu vya matbaa ya chuo hicho havikuwa na soko zuri, na Johnson aliiona sababu: wauzaji hawakuachiwa faida ya kutosha kuwavutia. Ili kulithibitisha hilo, alikifuata kitabu kimoja cha shilingi 20 kutoka ghalani hadi mkononi mwa mnunuzi wa mwisho.

Matbaa ingemtoza Cadell, wakala wa London, shilingi 14 kwa nakala, na kwa kila nakala 100 zilizotozwa ingempa 104. Cadell angemuuzia Dilly, mfanyabiashara wa jumla, kwa shilingi 15. Dilly angempelekea muuzaji wa mikoani kwa shilingi 16 na peni 6, na huyo ndiye angeuza kwa shilingi 20. Kwa kuwa nakala 104 zingelipiwa shilingi 1,400 tu, matbaa ingebaki na takriban shilingi 13 na nusu kwa kila nakala. Johnson alikiri kwamba punguzo hilo la kati ya asilimia 30 na 35 lingeonekana kubwa mno. Akaomba litafakariwe kabla ya kukataliwa.

3.0 Hatari na Muda

Thamani ya barua hii imo katika namna inavyohalalisha kila shilingi. Cadell hakopeshi wala habebi hatari, hivyo anastahili shilingi moja tu kwa ghala na uangalizi. Dilly anakopesha kwa muda mrefu na huenda asilipwe. Faida yake ni asilimia 10. Muuzaji wa mikoani anapata shilingi 3 na peni 6, lakini akimkopesha mteja kwa mwaka mzima, faida hiyo hushuka hadi kukaribia shilingi 2 na peni 6. Kwa maneno mengine, Johnson anaupa muda bei. Anayengojea fedha zake analipa gharama hata kama kitabu kimeuzwa.

Uelewa huo haukutoka vitabuni. Baba yake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu wa Lichfield aliyepeleka bidhaa zake hadi soko la Uttoxeter. Katika ujana wake, Johnson aliwahi kukataa kwenda kumsaidia sokoni hapo. Uzeeni alikwenda akasimama mvuani kichwa wazi, akitubia kosa hilo. Muuzaji wa mikoani katika hesabu ya 1776 ni mtu aliyemjua kwa karibu.

4.0 Mali Kauli na Kitabu cha Kiswahili

Kiswahili kina istilahi inayosaidia kuusoma mfumo huu: mali kauli, yaani bidhaa anayokabidhiwa mtu kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Katika mkopo wa Dilly, deni lipo kitabu kiuzwe kisiuzwe. Katika mali kauli, malipo hungojea mauzo, na mzigo wa kungoja humrudia mchapishaji. Tofauti hiyo ya maneno ni tofauti ya nani anayebeba hasara.

Uhusiano wa barua hii na Kiswahili si wa istilahi pekee. Matbaa iliyokuwa ikishauriwa 1776 ndiyo iliyochapisha kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981. Kamusi hizo hujadiliwa kwa vidahizo na fasili zake. Safari yake kutoka ghalani hadi dukani haijadiliwi kwa kiwango hicho.

5.0 Hitimisho

Barua kwa Chesterfield inaonyesha mwandishi akiuacha mlango wa mfadhili. Barua kwa Wetherell inaonyesha mlango alioingia badala yake, pamoja na kodi yake. Barua ya pili imesalia kwa sababu mwandishi wake alikuwa maarufu na James Boswell aliichapa mwaka 1791. Ankara, barua za kudai na orodha za vitabu vilivyorejeshwa za wachapishaji wadogo wa Kiswahili hazina mlinzi wa namna hiyo. Zikitupwa, mtafiti atabaki na kitabu mkononi bila kujua kwa nini kiliwafikia wasomaji wachache, na huenda akamlaumu mwandishi kwa kosa la hesabu.