Uso wa Koine

Mwaka 1872, mwaka uleule ambao treni ya kwanza ya Japani ilianza safari zake kati ya Shimbashi na Yokohama, Takahashi Yuichi, mzaliwa wa ukoo wa samurai aliyekuwa amesomeshwa uchoraji wa rangi za mafuta na Mwingereza Charles Wirgman, alimketisha mbele yake Koine, mwanamke mashuhuri sana katika mtaa wa anasa wa Yoshiwara mjini Tokyo, akamchora. Mtindo wa nywele wa wanawake wa mtaa huo ulikuwa umeanza kutoweka, na ilitakikana ubaki japo katika picha.

Wachoraji wa Edo, kama Tokyo ilivyoitwa zamani, walikuwa wamezoea, tangu enzi za mababu, kuwapa wanawake wa Yoshiwara sura moja: uso mrefu mweupe, macho membamba, kinywa kidogo; kwa hiyo mtazamaji aghalabu aliwatambua kwa mavazi na kwa majina yaliyoandikwa kando. Takahashi hakufuata desturi hiyo. Alizichora pini za ng'amba moja baada ya moja, nene, za rangi ya asali, zikipenywa na mwanga. Kisha kwa uaminifu uleule akauchora uso, na mifupa ya mashavu, na midomo iliyokazwa, na macho yaliyochoka yakitazama kando. Yasimuliwa kwamba Koine alipoiona alilia kwa ghadhabu, akasema huo si uso wake. Sithubutu kumlaumu. Riziki yake ilitegemea ule uzuri usio na umri, nao mchoraji alikuwa amemvua kama avuliwavyo mtu shela mbele za watu.

Uchoraji wa namna hiyo haukupata makao upesi. Serikali ilifungua shule ya kuufundisha mwaka 1876 ikamwajiri Mtaliana Antonio Fontanesi, nayo ikafungwa mwaka 1883. Na Shule ya Sanaa ya Tokyo, iliyoanza masomo mwaka 1889, haikuukubali uchoraji wa Kizungu hadi mwaka 1896, alipokabidhiwa kazi hiyo Kuroda Seiki, aliyekwenda Ufaransa kusomea sheria akarudi mchoraji. Mwaka uliofuata alimchora mwenzi wake kando ya ziwa huko Hakone, amevaa vazi jepesi la yukata na kushika upepeo: picha nzuri, tulivu, isiyomghadhibisha mtu.

Kwa rai yangu, deni la uchoraji huo kwa Koine lililipwa na mchoraji Kishida Ryusei, aliyezaliwa mwaka 1891 katika mtaa wa Ginza, uliojengwa upya kwa matofali baada ya moto wa 1872. Mwaka 1921 alimchora bintiye Reiko, amejitanda shali ya sufu ambayo kila uzi wake waweza kuguswa kwa jicho, ameshika tunda bichi kwa mkono mdogo kuliko ilivyo kawaida ya maumbile, na uso mpana unaotabasamu kwa namna ya ajabu. Ufundi wa kuzihesabu nyuzi Kishida aliupata kwa kuzichunguza picha za Mjerumani Dürer. Bali mkono ule na tabasamu lile vyakumbusha picha za kale za China na za nchi yake, ambako mchoraji hakulazimika kuufuata mwili kama ulivyo ili kumdhihirisha mwenye mwili.