Sheria kama chombo cha diplomasia: Kenya na kesi za The Hague

SERIKALI inayobanwa na sheria ya kimataifa si lazima iikaidi. Mara nyingi huitafutia kifungu kingine katika sheria iyo hiyo. Kenya ilifanya hivyo kuhusu kesi zilizotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia hizo zilifika Kawangware, jirani ya Riruta Satellite, na Kibera, ambako reli ya kuelekea Uganda iling'olewa.

Desemba 15, 2010, Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC), Luis Moreno-Ocampo, aliwataja Wakenya sita. Wiki moja baadaye Bunge lilipitisha hoja ya kuitoa Kenya katika Mkataba wa Roma, ambao iliuridhia mwaka wa 2005. Kujiondoa huko hakukutekelezwa, na Kenya ingali mwanachama.

Silaha nzito zaidi ilikuwa Kifungu cha 16 cha mkataba huo. Kinaliruhusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuahirisha uchunguzi au mashtaka kwa miezi 12, tena muda huo waweza kurefushwa. Yaani waliouandika mkataba wa mahakama waliacha humo mlango wa wanasiasa, jambo ambalo wakosoaji wa Kenya hawakupenda kulikumbuka. Novemba 15, 2013, kwa kuungwa mkono na Umoja wa Afrika, ombi la Kenya lilipigiwa kura New York. Nchi 7 ziliafiki na 8 zikajizuia kupiga kura, ilhali zilihitajika 9. Mwezi huo huo nchi wanachama wa ICC, zikikutana The Hague, zilirekebisha kanuni ili mshtakiwa mwenye wadhifa mkuu wa kitaifa aweze kuruhusiwa kutohudhuria kesi yake. Kilichokosekana New York kikapatikana nusu The Hague.

Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikakomeshwa Aprili 2016. Hakuna aliyehukumiwa.

Na Kibera? Madai kwamba polisi waliua watu huko na Kisumu yaliachwa nje mapema, Machi 8, 2011. Siku hiyo majaji waliamua kwamba hapakuwa na sababu za kutosha za kuyahusisha matukio hayo na washukiwa watatu wa kesi ya pili. Kura ya New York ilipopigwa, kesi hiyo ilihusu Nakuru na Naivasha pekee.