Mogitu na Mashamba Yake: Kumbukumbu ya Tulikotoka

Chama chetu kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tupumzike kidogo kandokando ya njia, tuitazame nchi tuliyokwisha kuipita. Katika kitabu hiki wengine wataeleza habari za hesabu, maghala na mikutano. Sisi tumepewa sehemu ya kueleza habari za nchi yenyewe, na tumechagua kijiji kimoja kidogo, Mogitu, kwa sababu yaliyoipata Mogitu na mashamba yaliyoizunguka ndiyo yaliyompata karibu kila mkulima wa Hanang.

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida huuona Mlima Hanang kabla hajauona mji wa Katesh. Kimo cha mlima huo chapata mita 3,420, nao ni wa nne kwa urefu katika Tanzania. Katesh uko chini yake, na si mbali na hapo ndipo ilipo Mogitu, mahali ambapo njia ya Haydom huachana na barabara kuu. Mgeni akitazama nyumba peke yake atadhani amepita mahali pasipo na habari. Lakini ukubwa wa Mogitu haumo katika nyumba zake, umo katika mashamba. Hapo mahindi na mbaazi hukaa pamoja katika shamba moja: mahindi huvunwa kwanza, nayo mbaazi hubaki imesimama mpaka ikauke. Kuna maharage, kuna alizeti, na jioni ng'ombe hurudi wakiwa na vumbi la malisho miguuni. Tena njia panda ni mahali pa mazao kupita, na kwa hiyo ni mahali pa mnunuzi kungojea.

Zamani nchi hii ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni sehemu ya kabila kubwa la Wadatoga. Baadaye Wairaqw waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, hasa wakati wa utawala wa Waingereza, kwa kuwa mashamba ya kwao yalikuwa yamekwisha kuwa finyu. Walikuja na jembe, na ng'ombe, na desturi yao ya kutia samadi shambani. Wanyaturu na Wanyiramba nao wakaja kutoka upande wa Singida. Basi watu wa lugha mbalimbali wakajifunza kugawana maji, soko na mvua.

Katika ramani za wakati ule nyika hizi ziliandikwa kwa jina la Mang'ati. Neno hilo ni la Wamasai, na maana yake ni adui. Wenye nchi hawakujiita hivyo hata siku moja. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina fundisho. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeipa nchi jina, na mwenye nchi hakuulizwa. Tutaona kwamba fundisho hilo lilirudi mara nyingine, kwa gharama kubwa zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali yetu, ikitaka taifa lipate mkate wake lenyewe, ilianza kulima ngano katika nyika za Basotu kwa msaada wa Kanada. Kazi ilikabidhiwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba yakaongezeka mpaka yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla yake ilikuwa yapata eka 100,000. Ngano ilipatikana kweli, na hatupendi kuinyima sifa yake. Vijana wengi walijifunza kazi ya mitambo huko. Lakini nyika zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho bora ambayo mfugaji aliyaacha kwa zamu ili yapate kuota tena, na macho ya wapangaji wa mradi yalidhani kwamba nchi isiyo na ng'ombe leo ni nchi isiyo na mwenyewe. Trekta zilipita hata juu ya bung'eda, yaani makaburi ya heshima ya wazee wa Kibarabaig.

Mwaka wa 1981 Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu 67 walilishitaki shirika hilo. Mahakama Kuu iliwapa haki. Shirika likakata rufani, na katika rufani hiyo ya mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu, kwa sababu kijiji hakikuthibitisha kwamba kilikuwa kimegawiwa ardhi ile kwa taratibu za sheria. Ndugu Washirika, tafakarini jambo hilo. Watu waliozika baba zao katika ardhi ile waliambiwa kwamba hawana ushahidi wa kuwa ni yao. Baadaye mashamba ya ngano yalitoka mikononi mwa shirika. Mengine yalichukuliwa na wawekezaji, na sehemu ikarudi kwa wananchi. Lakini miaka iliyopotea haikurudi.

Hapo tuliona ardhi. Sasa tutazame mazao.

Tangu mwaka 1963 mahindi ya mkulima yalipita kwanza katika chama cha msingi, kisha chama kikuu, kisha Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo. Kila ngazi ilikata chake, na kilichobaki ndicho kilichomfikia mwenye jembe. Mwaka 1966 Tume Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, ikaona mambo ambayo wakulima walikuwa wakinong'ona: wanachama hawakuelimishwa, watumishi wengine hawakuijua kazi, na upendeleo ulikuwa umeingia katika ajira. Basi dawa ilihitajika. Lakini mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri, na kazi yao ikapewa mashirika ya umma. Wanachama, ambao hisa zilikuwa zao, hawakupiga kura. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, naye mkulima akatakiwa kuamini tena. Kuamini tena ni kazi ngumu kuliko kuamini mara ya kwanza, na wazee wetu wengi hawakuweza. Nao hawakukosea sana.

Asiyekuwa na chama alibaki na mnunuzi wa njiani. Sote twaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ili debe zaidi ziingie kwa bei ya gunia moja. Twajua pia habari ya mkulima anayeuza mbaazi zingali na maua kwa sababu ada ya shule haingojei mavuno. Tena mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi ziingiazo nchini mwake. Bei ikaanguka huku kwetu, na walioilima kwa mkopo wakalia. Uamuzi wa Delhi ulifika Mogitu haraka kuliko mvua, na hapakuwa na mtu wa kusema kwa niaba yetu. Tangu miaka ya karibuni mbaazi huuzwa kwa mnada kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala, kupitia vyama vya msingi. Utaratibu huo una manung'uniko yake, hasa malipo yanapochelewa. Lakini mzani uko wazi na bei husomwa mbele ya watu.

Hatuwezi kufunga habari hizi bila kuwakumbuka majirani zetu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, likafunika nyumba za Katesh, Gendabi na sehemu nyingine. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba mpya zaidi ya mia moja zilijengwa Waret kwa ajili ya walionusurika, zikakabidhiwa mwezi Desemba 2024. Mlima unaotupa mvua na maji ndio huo huo. Msitu wake ni ghala la kila mmoja wetu, na akataye mti huko juu ana deni kwa aliye chini.

Basi twapenda kusema nini? Katika ardhi, katika mazao na katika chama chenyewe, hasara yetu ilikuja kwa mlango mmoja: mambo yetu yaliandikwa na wengine, nasi hatukuomba kuyasoma. Leo milango mingine imefunguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2001, yampa mwanakijiji, mwanamume na mwanamke, haki ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Asiyeomba asiilaumu sheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa wenye kauli ya mwisho. Asiyehudhuria asishangae akikuta yamekwisha kuamuliwa.

Nanyi viongozi wetu, msikasirike mwanachama anapoomba kuona daftari. Mkulima aliyekwisha kupoteza malisho, chama na bei ana haki ya kuuliza mara mbili. Mwonyesheni kilo zake, makato yake na siku ya malipo yake. Kwa kufanya hivyo mtamlinda yeye, na mtajilinda ninyi.

Miaka kumi ni umri wa mtoto anayeanza kuchunga peke yake. Twamtumaini, lakini twamtazama. Watakaokuja kuandika habari za Mogitu wakati mwingine, na wazikute zimeandikwa na wenyeji wake.