Nape, uzi na makuta: bei ya broderi kwetu Kindu

Mbele ya kuzungumza bei ya nape ya meza, tukumbuke jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui: kwetu Maniema, kitambaa chenyewe kilikuwa feza. Zamani za babu zetu vitambaa vya rafia, vile Wasongye wanaita madiba, vililipa mahari, vililipa deni, vililipa faini. Hakuna mtu aliyeuliza kitambaa kinafanya bei gani, juu kitambaa njo kilikuwa kipimo, na vitu vingine vilipimwa nacho.

Hata neno makuta, tunalosema kila siku, lina harufu ya rafia. Upande wa Kongo ya chini na Angola, makuta ilikuwa hesabu ya vitambaa vya rafia. Kiisha Wareno wakalifanya jina la sarafu, na mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikalichukua tena: zaire 1 ilikuwa makuta 100. Basi anayesema leo kwamba hana makuta, anasema bila kujua kwamba hana kitambaa.

Misafara ya Waungwana kutoka Zanzibar na Ujiji ilileta merikani na ushanga hadi Kasongo na Nyangwe. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, wakali wa kupatana bei, wenye mizaha mingi. Tunataja hili kwa sababu kuna wanaosema mama wa Maniema alifundishwa biashara na wazungu. Hapana. Alikuwa anaijua. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule Livingstone aliona mmoja wa watu wenye bunduki akibishana juu ya bei ya kuku na kumnyakua. Kisha bunduki zikalia sokoni. Watu mamia walikufa siku ile, wengi kwa kuzama mtoni. Bei kwetu haikuwa mchezo.

Broderi ya nyumba, ile ya maua juu ya kitambaa cheupe, ilikuja baadaye, kwa mikono ya masista wa misioni, na katika miji kwa njia ya foyer social, kama ile ya Usumbura iliyofunguliwa mwaka 1946. Wasichana na wake za makarani walijifunza kushona, kupiga pasi, kutandika meza, kupamba nape, foronya na vitambala vya kuweka juu ya migongo ya viti. Kazi ilikuwa nzuri, na mikono iliyofundishwa hivyo imefundisha mingine. Lakini ilifundishwa kama adabu ya bibi wa nyumba, si kama kazi ya kulisha nyumba. Mume analeta mshahara, bibi anapamba. Sisi tunaona kwamba mzizi wa shida ya bei uko hapo: kitu kilichofundishwa kama adabu, mnunuzi anaona vigumu kukilipia.

Na pamba je? Tangu 1917 wakulima wa Maniema walikuwa kati ya wa kwanza katika Congo kulazimishwa kulima pamba, na bei yao haikuwekwa nao. Cotonco ikaanzishwa mwaka 1920. Mume analima pamba kwa bei ya mtu mwingine, bibi anapamba kitambaa cha pamba bila bei yoyote.

Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, ilifunguliwa mwaka 1911, na kwa muda mrefu vitambaa na uzi vilipanda njia hiyo. Vita vilipofika mwaka 1998 treni ilikatika kwa miaka. Mzigo ukategemea ndege, baiskeli na mgongo wa mtu. Wakati huo ndipo tulipoona wazi kwamba bei ya nape inaanzia kwenye njia, mbele sindano haijaguswa.

Feza nayo ilituchezea. Mwezi wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa ghafula, na waliozificha nyumbani wakapoteza. Mama aliyekuwa na nape kumi katika sanduku hakupoteza nape hata moja. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ikawa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja franka. Kwa bei zinazobadilika asubuhi na jioni, mshonaji aliyehesabu feza aliyotoa jana alikula mtaji bila kujua. Mwenye akili alihesabu kitu kingine: nikiuza hii, nitaweza kununua kitambaa kingine na uzi mwingine? Hiyo ni hesabu ya madiba, imerudi kwa mlango wa nyuma. Na dola tunayotaja sokoni leo inafanya kazi ileile ya kipimo.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Tuchukue mfano. Tuseme kitambaa cha nape ni dola 10 na uzi dola 4. Maua yanachukua siku 12 za saa nne nne, kati ya shamba na jiko. Mshonaji akitaka 25, mnunuzi atasema ni uzi tu, na atatoa 18. Akikubali, mtaji wake umerudi, ndiyo. Lakini siku 12 zimelipwa dola 4, yaani saa 48 kwa senti 8 na kidogo kila moja. Sahani ya plastiki iliyotoka mbali haipunguzwi hivyo.

Ndiyo maana tunapenda desturi nyingine: mteja anakuja mwenyewe na kitambaa na uzi wake, na kinachobaki kupatana ni feza ya mkono peke yake. Kwa harusi, mama mkwe analeta kitambaa cheupe, anachagua maua, na hawezi tena kusema ni uzi tu, kwa sababu uzi ni wake. Hapo wanazungumza siku. Ngapi kwa kona, ngapi kwa katikati, ngapi kwa ukingo. Wakipatana, nusu inatolewa mbele, nusu siku ya kuchukua, na nape haitoki nyumbani kwa mshonaji mpaka nusu ya pili imefika.