Vizio vya Ubongo na Mtoto Mashoto

Miongoni mwa istilahi ambazo elimu ya ubongo imezifikisha mlangoni mwa walimu wa skuli, na ambazo hazijapata bado makao ya raha katika lugha yetu, iko moja ambayo Wazungu waliiunda kwa neno la Kilatini lenye maana ya ubavu, nao huitumia kutaja ile hali ya ubongo kuzigawa kazi zake baina ya upande wa kulia na wa kushoto, hata baadhi ya kazi zikaelemea huku na nyingine kule. Tungaliweza kuitohoa tukasema lateralizesheni, na msomaji asiambulie kitu. Tungaliweza pia kufuata msemo wa matabibu wa kale tukasema utawala wa upande mmoja. Mimi naona bora tuseme mgawanyo wa vizio, na sababu yangu si ya ufasaha peke yake, kwani istilahi hii, ikifahamiwa vibaya, humdhuru mtoto aliyeketi darasani na kalamu mkononi.

Kizio si neno geni. Nazi ikivunjwa hutoa vizio viwili, na walimu wa jiografia wamelichukua neno hilohilo kwa nusu ya dunia. Ubongo nao una vizio viwili, vinavyokaribiana kwa sura pasina kulingana kwa kazi, vilivyofungamanishwa katikati na shada nene la nyuzi za neva. Na ajabu ya maumbile ni kwamba nyingi ya nyuzi ziamrishazo mikono hupishana chini ya ubongo kabla ya kuteremka katika uti wa mgongo, hivyo mkono wa kuume hupokea amri zake kutoka kizio cha kushoto, na mkono wa kushoto kutoka kizio cha kulia.

Ama kule kusema utawala, asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu mpasuaji Paul Broca aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila silabi moja, "tan", ilhali maneno ya watu akiyafahamu. Akafariki baada ya siku chache, na ubongo wake ulipochunguzwa likaonekana dhara katika sehemu ya mbele ya kizio cha kushoto. Broca aliendelea kukusanya habari za wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1865 akathubutu kutangaza kwamba binadamu husema kwa kizio cha kushoto. Kwa kuwa watu walio wengi hutumia mkono wa kuume, unaoamrishwa na kizio hichohicho, ikaonekana kana kwamba mambo yote yameshikamana: kizio kimoja hutawala ulimi na mkono pamoja, na cha pili hufuata. Na mashoto je? Kwa kiasi cha karne moja wengi walidhani kwamba ubongo wake umepinduliwa tu.

Dhana hii ilipoingia katika mambo ya watoto wazito wa kusoma ndipo ilipoleta matata. Mwaka 1925, tabibu Samuel Orton wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kusoma, wakigeuza b kuwa d na kulisoma neno kinyumenyume. Akakisia kwamba kila kizio huhifadhi sura ya herufi, kimoja ikiwa sawa na kingine ikiwa imepinduka, na mtoto ambaye vizio vyake havijapata kimoja cha kutawala huchanganyikiwa baina ya sura hizo mbili. Orton alikuwa mtu makini, na mafunzo aliyoyaanzisha ya kuunganisha herufi na sauti yake yangali na faida. Waliomfuata hawakuwa na hadhari yake. Kule Philadelphia, katika miaka ya 1950 na 1960, Glenn Doman na Carl Delacato waliwatambaza sakafuni watoto waliokwisha kujua kutembea, na wakataka mkono, mguu na jicho vyote vifuate upande mmoja, wakitumaini kwamba kizio kikishatawala, kusoma kutakuja. Jumuiya ya matabibu wa watoto ya Marekani ikalazimika kutoa onyo rasmi mwaka 1968.

Vipimo vyenyewe vinasema nini? Mwaka 1949 Juhn Wada, tabibu wa Kijapani, alibuni njia ya kukilaza kizio kimoja kwa dakika chache kwa dawa itiwayo katika mshipa wa shingo, ili ijulikane mgonjwa husema kwa kizio kipi. Njia hiyo ilitumiwa sana Montreal kwa wagonjwa wa kifafa kabla ya kupasuliwa, na mwaka 1977 Theodore Rasmussen na Brenda Milner walitoa hesabu zao: kwa wasiopata dhara la utotoni katika kizio cha kushoto, watumiao mkono wa kuume 96 katika 100 husema kwa kizio cha kushoto, na wasioutumia, yaani mashoto na wenye kuchanganya mikono, 70 katika 100 husema kwa kizio hichohicho, 15 kwa kizio cha kulia, na 15 waliobaki kwa vyote viwili. Basi mashoto walio wengi wana ulimi wao palepale ulipo wa wenzao, na mkono haumwambii mwalimu lolote la yakini juu ya yaliyomo kichwani.

Iko hata hivyo sehemu ambayo uhusiano ni wa kweli, nayo yataka kuelezwa kwa uangalifu. Katika kila watu kumi takriban mmoja ni mashoto; kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa akili hesabu hiyo huzidi, na baadhi ya ziada hiyo ni watoto ambao kizio chao cha kushoto kilidhurika kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, mkono wa kuume ukadhoofika, na wa kushoto ukashika kazi. Hapo ushoto ni athari ya dhara, wala si sababu yake. Lakini kwa mtoto mwenye akili kamili ambaye kusoma tu ndiko kunakomshinda, mambo hayakupata kuthibitika hivyo: Norman Geschwind na Peter Behan walidai mwaka 1982 kwamba uzito wa kujifunza huonekana zaidi kwa mashoto, na waliorudia kupima wakapata tofauti ndogo, au wasiipate kabisa.

Kwa hiyo nalikataa neno utawala. Humfanya mwalimu atafute mfalme katika kichwa cha mtoto, na asipomwona adhani kuna maradhi. Ilhali mgawanyo wa kazi haumshushi yeyote. Na kwa sifa ya mtu kupenda mkono huu kuliko ule, nasema hulka ya mkono, kwa kuwa ni jambo la maumbile kuliko la mazoea.

Najua watu wa pwani watasema kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na jina lake lasema hivyo. Sina ugomvi na adabu ya sahani. Mtoto mashoto hujifunza kula kwa mkono wa kuume kama ajifunzavyo kuvua viatu mlangoni. Kalamu ni jambo jingine. Tena, mwenye kuandika Kiarabu, mstari wake ukitoka kulia kwenda kushoto, angemwonea kijicho mashoto kama angefikiri, kwa kuwa mkono wa kulia ndio unaofuata nyuma ya wino mbichi, na wa kushoto hutangulia mbele yake. Taabu ya mashoto imekuja na herufi za Kirumi, ambamo mkono wake hufunika na kuchafua aliyokwisha kuyaandika.

Taabu hiyo ina dawa nyepesi, nami nawaomba walimu waijaribu kabla ya fimbo: mtoto mashoto akae ncha ya kushoto ya dawati, viwiko vyake visigongane na vya jirani; karatasi yake iinamishwe kuelekea kulia; aishike kalamu juu kidogo ya ncha, apate kuona anachokiandika. Na akishindwa kusoma, afundishwe herufi na sauti zake polepole, kama afundishwavyo mwenzake wa mkono wa kuume aliyeshindwa vilevile.