Panya Mwenye Pua ya Chuma: Kitabu cha Kilwa na Watoto Wetu wa Dubai

Mwaka huu tumeombwa tuandike habari za kabla ya bendera. Habari za tarehe 9 Desemba 1961 zimeshasimuliwa sana katika kurasa hizi, na Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro hata wadogo wanaujua. Wanachotuuliza sasa ni kingine. Shuleni hapa Dubai wanakaa dawati moja na watoto wa Kihindi, wa Kiirani, wa Kimisri na wa Kiayalandi, na kila mmoja anataja kitabu cha mababu zake. Wakirudi nyumbani wanauliza: cha kwetu kiko wapi?

Kipo. Kinaitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani kitabu cha kuliwaza kwa habari za Kilwa. Kimeandikwa kwa Kiarabu. Mwandishi hakutuachia jina lake, ila ametuambia alizaliwa mwaka 1499. Basi Mreno Francisco de Almeida alipoushambulia na kuuteka mji Julai 1505, yeye alikuwa mtoto wa miaka sita. Alipokua akaandika juu ya mji ambao ukubwa wake alikuwa ameusikia kwa wazee zaidi ya kuuona. Pengine ndiyo sababu akauita kitabu cha kuliwaza.

Kinaanza na ndoto. Sultani wa Shiraz, Hasan bin Ali, aliota panya mwenye pua ya chuma akiguguna ukuta wa mji. Akajua nchi itaharibika. Akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, la mwisho Anjouan katika visiwa vya Komoro. La sita ndilo lililofika Kilwa.

Watoto wa Dubai hawana haja ya ramani kubwa kuelewa safari hii. Shiraz iko ng'ambo ya Ghuba, na mtaa wa Al Fahidi wenye minara ya upepo, ambao wazee bado wanauita Bastakiya, ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak, kusini mwa Iran. Julfar, alikotoka nahodha Ahmad bin Majid aliyeandika njia ya kwenda Sofala, iko Ras al-Khaimah. Kwa gari ni safari ya saa moja na ushei.

Turudi Kilwa. Wageni waliposhuka, kitabu kinasema, walimkuta Mwislamu mmoja pamoja na watoto wake, na msikiti ulikuwapo. Jina la mtu huyo lilikuwa Muriri wa Bari. Hapa tunaomba msome polepole, maana wengi huruka. Kitabu kilichoandikwa kuwatukuza Washirazi chenyewe kinakiri kwamba wenyeji walikuwapo, msikiti ulikuwapo, na aliyewapokea na kuwafanyia ukalimani alikuwa na jina la kwetu.

Mwenye kisiwa alikuwa amekwenda bara kuwinda. Aliporudi alikubali kuuza kisiwa kwa nguo za rangi zinazotosha kukizunguka chote. Akazichukua nguo akavuka, huku moyoni amepanga kurudi na jeshi maji yakitoka. Muriri akawatonya wageni. Wakachimba mkondo ule uliokuwa ukivukwa kwa miguu, bahari ikajaa isikauke tena, na yule bwana alipofika akatazama maji akageuka na huzuni yake. Simulizi za Kiswahili zilizoandikwa baadaye zinamwita mzee Mrimba, na zinasema binti yake aliolewa na mgeni. Sisi tunaipenda zaidi hii ya harusi.

Je, ni kweli? Hadithi ya nguo ina ndugu zake. Watu wa kale walisimulia kwamba Dido alipata Carthage kwa ngozi moja ya ng'ombe, akaikata nyuzi nyuzi akazungusha kilima. Na Waayalandi wana Lebor Gabála Érenn, kilichokusanywa karne ya 11, kinachosema nchi yao ilikaliwa na makundi sita yaliyokuja kwa bahari, la kwanza likiongozwa na Cessair, mjukuu wa Nabii Nuhu. Kumbe si sisi peke yetu tuliopenda babu aliyeshuka chomboni.

Lakini Ali bin al-Hasan, huyo wa jahazi la sita, si wa ndoto tu. Sarafu zenye jina lake zimeokotwa Kilwa, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya karibuni kabisa ni ya 1066. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alikuwa amemweka Ali mwishoni mwa karne ya 12; sarafu za Pemba zikamrudisha nyuma hadi karne ya 11. Halafu mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Baba wengi wa Kiasia walitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Kwa hiyo simulizi ya bibi haikuwa uongo, na Mrimba naye ana binti katika damu yetu. Tunalisema hili kwa sababu jina la Shirazi limewahi kugawa watu, na pia limewahi kuwaunganisha: mwaka 1957 lilisimama bega kwa bega na jina la Afrika katika chama cha Afro-Shirazi.

Nakala ya Kiarabu tunayoijua ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika mikononi mwa Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na leo imo London. Mwandishi aliahidi milango kumi. Nakala inakatika katika wa saba.

Chini ya ukurasa huu tumeacha nafasi tupu. Watoto, kabla ya sherehe kwisha, wafuateni babu na bibi mezani. Waulizeni walitoka kijiji gani, nani aliwapokea siku ya kwanza Deira, na jina lake nani. Andikeni kwa kalamu ya wino.